Sura ya Sita: Utelezi wa Matema

Mwaka 2011 serikali ya Malawi iliipa kampuni ya Surestream Petroleum kibali cha kutafuta mafuta katika Ziwa Nyasa, na mwaka uliofuata Tanzania ikaja juu. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Malawi inaushikilia mpaka leo, unauweka mpaka ufukweni kwetu. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Kwa watu wa Kyela, wanaovua, kufua na kuoga katika maji hayo hayo, hiyo haikuwa habari ya magazetini tu. Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na marais wastaafu wenzake wakaombwa wasuluhishe. Mengi yakasemwa kuhusu nani mwenye mafuta, ila kuhusu mafuta yenyewe, ni kitu gani na yalifikaje huko chini kama yapo, hayakusemwa mengi.

Kama yapo, chanzo chake ni mwani. Sizungumzii mwani wa Zanzibar, ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani huufunga kwenye kamba. Huu ni mwani wa maji baridi, mdogo kiasi kwamba maelfu yake hukaa kwenye tone moja bila jicho kuuona. Ulikufa, ukazama, ukafunikwa na tope mahali pasipo na oksijeni, na joto la ardhi likaupika kwa mamilioni ya miaka. Mafuta ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, yaliyothibitishwa mwaka 2006, yana asili hiyo. Yana nta nyingi, tabia ya mafuta yaliyozaliwa na mwani wa ziwani, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebidi liwekewe mfumo wa kupashwa joto, yasije yakaganda njiani.

Kwamba mwani hutoa mafuta, basi, halina ubishi. Ubishi ulioanza miaka ya 1970 na haujaisha ni kama binadamu anaweza kuifupisha kazi hiyo ikawa ya wiki chache, kwenye bwawa, na akapata faida. Na kama njiani anaweza pia kuipunguza hewa ukaa inayoipasha dunia joto. Kyela ni mahali pazuri pa kuupimia ubishi huu, kwa sababu karibu kila kitu kinachotajwa na watetezi wa mwani kipo hapa: jua, joto, maji tele, makaa ya mawe, na hata hewa ukaa inayotoka yenyewe ardhini.

Ukifuata ufukwe kutoka Matema kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu, mchanga unakatika ghafla na Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Hapo mwani unaonekana bila hadubini. Mawe yaliyozama kidogo yamevaa utando wa kahawia na kijani, na asiyeangalia anapokanyaga ataondoka na goti lililochubuka. Ndani ya utando huo mna mwani wa nyuzinyuzi, bakteria wa kijani-buluu, diatomu, na wadudu wadogo waliojificha humo. Ukitulia kidogo utawaona wenye mali: samaki wadogo wa buluu, wa jamii inayojulikana duniani kwa jina la mbuna, wakikwangua jiwe kutwa nzima. Mmoja wao ana pua nene iliyojitokeza na kinywa kilichokaa chini ya pua, kwa hiyo hula huku amelala sambamba na jiwe, wakati wenzake wanalazimika kuinamisha kichwa.

Samaki huyo anaitwa kitaalamu Labeotropheus fuelleborni. Jina linamkumbuka Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyefanya utafiti maeneo haya mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati kituo cha Langenburg kilikuwa bado kiko ufukweni, Lumbira, kabla ya kuhamishiwa mlimani palipo na Tukuyu leo. Fülleborn hakukusanya samaki tu. Alichota maji, akachuja, akatia kwenye chupa, akapeleka kwao. Wilhelm Schmidle alianza kuuandika mwani huo mwaka 1902, na Otto Müller akachapisha maelezo ya diatomu za Nyasa kwa awamu kuanzia 1903 hadi 1910. Mwani wa Kyela, kwa maneno mengine, ulikuwa na majina ya Kilatini kabla ya Vita vya Maji Maji.

Diatomu ndizo zilizowapa watu tamaa. Kila moja ni seli moja iliyojijengea kijumba cha silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Milima ya volkano ya Rungwe ina silika kwa wingi, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huishusha ziwani bila malipo. Ndani ya kijumba hicho, diatomu iliyoishiwa chakula huweka akiba ya matone ya mafuta. Ukiikuza kwa wingi, ukaivuna, ukaikamua, unapata mafuta yanayoweza kugeuzwa dizeli. Na kwa kuwa mwani hauna shina, hauna mizizi wala maua ya kugharamia, jamii nyingi zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja. Kila kilo ya mwani mkavu imejengwa kwa takriban kilo 1.8 za hewa ukaa. Anayesikia hesabu hizi mara ya kwanza hujiuliza kwa nini bado tunachimba visima.

Wamarekani walijiuliza hivyo mwaka 1978, baada ya bei ya mafuta kuwatia adabu. Serikali yao ikaanzisha mradi uliodumu hadi 1996, ukatumia kama dola milioni 25, ukakusanya zaidi ya aina 3,000 za mwani na kubakiza 300 hivi zilizoonekana kufaa. Kule Roswell, New Mexico, walichimba mabwawa marefu ya maji ya kina kifupi, yanayozungushwa na magurudumu ya makasia. Siku nzuri, mita moja ya mraba ilitoa gramu 50 za mwani. Siku nzuri zilikuwa chache. Usiku wa jangwani ni baridi, na wastani ukaangukia gramu 10 hivi. Kisha kukawa na jambo lililowakera kuliko baridi: mwani hujaza mafuta pale unaponyimwa naitrojeni au silika, lakini ukinyimwa unaacha kukua. Ukishiba unakua na kukonda mafuta. Ukifa njaa unanenepa na kudumaa. Ripoti yao ya mwisho, ya mwaka 1998, haikuficha kwamba dizeli ya mwani ingegharimu zaidi ya ile ya kisimani.

Hilo halikuwazuia wenye fedha. Mwaka 2009 ExxonMobil iliahidi hadi dola milioni 600 kwa kazi ya kuubadili mwani kijenetiki ikishirikiana na Synthetic Genomics, na baadaye ikajiwekea lengo la kuwa na uwezo wa kutengeneza mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025. Mwanzoni mwa 2023 ilijitoa. Shell ilikuwa imeshaondoka kwenye mradi wake wa Hawaii tangu 2011. Sisi nasi tulipitia homa ya namna hiyo, ingawa kwetu mmea ulikuwa mbono kaburi: Kisarawe, Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000, na mwaka 2011 kampuni ikafilisika, vijiji vikabaki bila ardhi na bila ajira walizoahidiwa. Tangu hapo, mtu akisimama mbele ya wanakijiji kuzungumzia mafuta yanayoota, ni haki yao kumtaka alete hesabu kwanza.

Tuifanye hesabu, basi. Chukua hekta moja ya mbuga kati ya Kyela mjini na bandari ya Itungi, mahali panapofaa mpunga. Weka wastani ule ule wa Roswell, gramu 10 kwa mita ya mraba kwa siku. Joto letu lingeweza kuupandisha, mawingu yetu yangeushusha. Unapata kilo 100 za mwani mkavu kwa siku, tani 36.5 kwa mwaka. Ikiwa moja ya tano ni mafuta, hizo ni zaidi ya tani 7, karibu lita 8,000. Shamba la michikichi linalotunzwa vizuri hutoa tani 3 hadi 4 za mawese kwa hekta. Mwani umeshinda mara mbili, na mpaka hapa mwekezaji ameshatabasamu.

Sasa tumlishe huyo mwani. Kama asilimia 7 ya uzito wake mkavu ni naitrojeni na kama asilimia 1 ni fosforasi. Kwa tani 36.5, bila kurudisha chochote bwawani, unahitaji karibu mifuko 100 ya urea na mifuko 36 ya DAP, ya kilo 50 kila mmoja, kwa hekta hiyo moja, kila mwaka. Mkulima wa mpunga wa Kyela anayejipinda kununua mfuko mmoja wa urea hahitaji mtaalamu kumweleza maana yake. Urea yenyewe hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo kabla mwani haujavuta chochote, kiwanda cha mbolea kimeshatoa moshi kwa niaba yake.

Halafu kuna maji. Katika bwawa zuri, lita moja ya maji ina nusu gramu ya mwani. Ili kupata lita moja ya mafuta lazima uchuje lita 9,000 hivi. Mashine inayozungusha maji kwa kasi ili kutenga mwani hula angalau kilowati-saa 1 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilowati-saa 9 kwa lita hiyo moja. Lita ya dizeli hubeba nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Umetumia tisa kupata kumi, na bado hujakausha, hujakamua, hujageuza kitu kuwa dizeli. Zipo njia za kuupunguza mzigo huu, kwa mfano kuuacha mwani utulie chini kwanza, lakini hakuna iliyoufuta. Chikichi hukatwa kwa panga, huchemshwa kwenye pipa na mafuta huelea yenyewe.

Na kuna mvua. Wanaosifu mwani hupenda kuchora mabwawa jangwani, na wana sababu. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Bwawa la mwani lina kina cha sentimita 30. Bwawa lako lingejazwa upya na maji ya mbinguni zaidi ya mara sita kwa mwaka, na masika ya Aprili na Mei, mito inapovunja kingo, lingekwenda lote ziwani na urea yake.

Kuhusu hewa ukaa, hapa Kyela ina jirani wa ajabu. Panda kuelekea Rungwe hadi Ikama, chini ya Mlima Kyejo, volkano ambayo mlipuko wake wa mwisho ulikuwa yapata mwaka 1800. Ardhi pale hupumua hewa ukaa. Kampuni ya TOL Gases huivuta kutoka visimani, huisafisha, huigandamiza kuwa kimiminika na kuiuza, na wateja wake ni pamoja na watengenezaji wa soda. Mapovu ndani ya chupa unayofungua kando ya barabara huenda yametoka chini ya migomba ya Busokelo. Kwingineko duniani, kupata hewa ukaa nzito ya kulisha mwani ni gharama kubwa. Ikama inatoka yenyewe, na ile isiyokamatwa hulala mabondeni, mahali ambapo mnyama mdogo akiingia asubuhi isiyo na upepo haamki.

Upande wa pili kuna makaa ya mawe ya Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980 na ambao leo uko chini ya STAMICO. Moshi wa makaa ndio ambao mipango mingi ya mwani hutaka kuunasa. Hekta yetu ya bwawa ingekula tani 66 za hewa ukaa kwa mwaka. Hiyo ni sawa na inayotoka ukichoma tani 30 hivi za makaa, mzigo wa lori moja. Simama kando ya barabara ya Kiwira uyahesabu malori hadi adhuhuri, ujue ungehitaji kuchimba mabwawa mangapi.

Hata hizo tani 66 haziendi mbali. Mwani uliogeuzwa dizeli ukachomwa kwenye lori huirudisha hewa ukaa yote ilikotoka. Ni mkopo wa wiki chache. Faida iliyopo, kama ipo, ni dizeli ya kisimani ambayo haikuchomwa, na faida hiyo inaliwa na mbolea, pampu na mashine. Napenda wanaouza teknolojia hii walitaje jambo hili mapema, si kwenye maswali ya mwisho wa mkutano. Mwani hutunza kaboni pale tu usipochomwa wala usipoliwa. Pale unapozama mahali ambapo hakuna wa kuuoza.

Mahali hapo Nyasa inapo, na kazi hiyo inaifanya bila mradi. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi. Chini ya mita 250 hakuna oksijeni kabisa, maana maji ya juu yenye vuguvugu na maji ya chini yaliyo baridi kidogo hayachanganyiki sawasawa. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi hulivuruga ziwa, virutubisho vilivyolala chini vikapanda, na diatomu zikachanua. Sehemu kubwa huliwa au huoza hapo hapo juu. Kidogo kinachobaki huzama kama unga mweupe. Mvua zikija, mito huleta tope jeusi juu yake. Mstari mweupe, mstari mweusi, kila mwaka, unene wa milimita moja hivi kwa jozi.

Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa tope hilo wakiwa juu ya tishari liitwalo Viphya, sehemu mbili ziwani, moja yake huku kaskazini. Walitoa minara ya udongo inayorudi nyuma zaidi ya miaka milioni moja. Ndani yake waliona kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palitokea ukame uliolinyang'anya ziwa angalau asilimia 95 ya maji yake. Mahali ambapo leo MV Mbeya II inapita na abiria palikuwa nchi kavu, na ziwa lililobaki lilikuwa dogo, la magadi, la kijani. Ndiyo kazi ya mwani wa Nyasa katika kutunza kaboni: ya kweli, ya polepole, milimita kwa milimita. Hakuna waziri anayeweza kuiharakisha kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Kinachowezekana ni kuichelewesha, na hilo tunalifanya. Maji ya kina ya Nyasa yamepata joto kwa nyuzi 0.7 hivi katika miongo sita iliyoishia mwanzoni mwa karne hii. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini joto likibadili mpangilio wa matabaka, maji ya chini hupata taabu kupanda, na virutubisho hubaki gizani. Kwa jirani yake, Tanganyika, watafiti walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na wakakisia kwamba samaki wamepungua kwa asilimia 30. Tunapanga kumtuma mwani atuondolee hewa ukaa, na hewa ukaa hiyo hiyo inamnyima chakula.

Samaki ndiye anayenifanya niangalie mpango mzima wa dizeli kwa jicho la pembeni. Nenda Matema asubuhi baada ya usiku wa giza, mitumbwi ikiwa imerudi na taa zake. Usipa humwagwa juu ya vyandarua vilivyotandazwa mchangani, fedha tupu, na kufikia alasiri wameshakuwa wakavu wa kuvunjika, wakigeuzwa kwa mkono ili jua liwafikie pande zote. Kila usipa amekula wadudu wadogo wa majini, na kila mdudu amekula mwani. Kwa kanuni ya jumla, kila ngazi hupoteza sehemu tisa kati ya kumi, hivyo kilo moja ya usipa imesimama juu ya kilo 100 za mwani. Ziwa limevuna lenyewe zile lita elfu nyingi za maji, kwa midomo, bila mashine ya kuzungusha. Hapa mwani umeshageuzwa kuwa nishati, na nishati hiyo inaingia kwenye gunia, inapanda gari la Mbeya, na kuliwa na watoto.

Ila usipa hao hao hulishwa kuku. Dagaa wa kusaga ni protini ya vyakula vya mifugo nchini kote, na mfugaji na mama mwenye sufuria wanagombea gunia moja. Hapo naona nafasi ya mwani wa bwawani ambayo haihitaji kushindana na dizeli. Spirulina, bakteria wa kijani-buluu anayewalisha heroe wa Natron na Nakuru, ambaye Wakanembu wa Chad humkausha na kumla tangu zamani, ana protini ya kama asilimia 60 ya uzito mkavu. Hupenda maji ya magadi yenye joto la nyuzi 35 hivi. Nyuzi zake hunaswa kwa kitambaa, bila mashine ya umeme. Hewa ukaa ya Ikama ipo. Joto lipo pia: kwenye chemchemi za Kilambo, Kajala na Mampulo, ambako Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania inatafuta mvuke wa umeme katika eneo inaloliita Kiejo-Mbaka.

Bwawa la namna hiyo lisingepunguza joto la dunia. Lingekuwa la mita za mraba mia chache, lenye paa la nailoni kwa sababu ya ile mvua, na naitrojeni yake ingetafutwa kwanza kwenye mitambo ya samadi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, ambao tayari wanapika kwa gesi yake na kubaki na tope wanalomwaga migombani. Tope hilo lingebidi lichujwe na kupimwa vimelea kabla ya kuingia bwawani, maana chakula cha kuku huishia kwenye sahani ya mtu. Na kabla ya hayo yote, yai lililotagwa na kuku aliyekula spirulina lingepaswa kuuzwa sokoni Tukuyu kwa bei ile ile ya yai lililotagwa na kuku aliyekula usipa.